Robe ya Providence: Tuifue ao Tuiache?

Mama Virginie mupendwa,

Nakusalimia mu jina ya Bwana, na leo na mie nakuomba musaada, wewe mwenye kusikilizaka matatizo ya batu ku radio, maana huku kwetu Kimemi, mu Butembo, tunaishi nyumba moja, tunakula nyungu moja, na hakuna tena mwenye kusikilizana na mwenzake juu ya robe moja ya ndoa. Jina yangu ni Emérence, unaweza kuisoma bila kuficha, batu ya quartier bote bameshajua.

Ile robe ni yangu. Baba yangu, Mungu amupumuzishe, alikuwa mucommerçant, na mwaka wenye nilichumbiwa alienda Dubai kutafuta marchandise akanibebea robe nyeupe yenye kungaa, na dantele, kile kitambaa cha matundu matundu, ku mikono, na balulu badogo badogo benye kubandikwa na kole, ile gundi, ku kifua. Nyuma ya ndoa yangu sikuifungia mu sanduku, niliazimisha kila binti wa jamaa mwenye kuolewa, maana vita ilipokuja njia zikafungwa na robe kama ile haionekane tena ku soko, na kila mumoja alikuwa anaivaa ile siku tu, kisha tunaipangusa na kitambaa, tunaianika kidogo, basi, donc hatujawahi kuitia mu maji hata siku moja.

Mwenye kuivaa wa mwisho ni Providence, mutoto wa shangazi yangu, wa Beni. Aliolewa na Élisée, seremala, kijana mutulivu mwenye kuongea kidogo, na arusi ilifanyika kwa wazazi ya Élisée, upande wa njia ya Mangina. Siye ba Butembo hatukuenda sababu njia ilikuwa mubaya. Balikuwa banakula chakula ya arusi, masasi ikaanza kulia upande wa soko, batu bakatawanyika, na Élisée akamushika Providence mukono bakakimbilia mu mashamba ya kahawa. Providence akaanguka mu matope, Élisée akaanguka naye, akamuinua, robe inanasa ku matawi ya kahawa, anainama kuinasua, banakimbia tena, na pale penye kanjia kanakatana na muto batu ya bunduki bakatokea. Balikuwa banatafuta banaume ya kubeba mizigo. Providence aliniambia hii mambo mara moja tu na hajairudilia. Anasema Élisée aliachilia mukono yake, akamuambia, "Endelea, hapana kugeuka," akaenda nabo. Providence alilala mu pori na ile robe, akatembea nayo paka Beni batu banamuangalia, kisha akapanda camion ya maharagi akakuja kwetu, robe iko mu mufuko ya muchele. Tangu pale hatujasikia habari ya Élisée.

Sasa ile robe, Mama Virginie, ungeiona. Matope mekundu paka ku kiuno. Damu kidogo huku chini, penye miiba ilimukwaruza miguu. Na ku mukono ya kuume, juu ya dantele, kuko alama ya bidole bya Élisée, bya matope, byote binaonekana, pale penye alimushika kumuinua. Providence hapendi mutu aiguse. Mufuko iko chini ya kitanda chake.

Mais bwana yangu Jacob iko na mudogo wake, Julie, ndoa yake ni nyuma ya Pasaka, na tangu akiwa mutoto tulimuahidi ile robe. Julie alipoona mufuko aliniuliza, mie mukubwa wake, "Yaya, Providence alishaolewa. Na mie?" Nikaenda kwa Providence, nikamuomba na upole, nikamuambia matope itatoka tu, robe itakuwa kama zamani. Akaniangalia sana. Akasema, "Robe ni yako, yaya Emérence. Mais siku utaifua, unitie na mie mu yale maji."

Nilipashwa kuacha pale. Sikuacha. Jumapili Providence alienda misa, nikatoa robe mu mufuko, nikajaza beseni. Mama mukwe wangu, Mama Adèle, alikuwa tayari na chupa ya javel, ile dawa ya kutakatisha nguo, na sufuria kubwa ku moto, anasema matope ya Mangina haitoke kama haichemshwe. Ile saa nageuza robe ndani-nje, nikaona ku mbavu ka etiketi kadogo kenye kushonwa, na juu yake hakuna maneno, ni bichoro tu. Nikaogopa, nikaiweka juu ya kiti. Nimekuchorea byote huku chini vile nilibiona: beseni yenye mukono ndani, pembe tatu yenye musalaba, duara yenye musalaba, karé ya pembe ine yenye mustari moja wenye kulala katikati, na pasi yenye doti moja.

Nikamuita Jacob. Aliangalia ule mukono wa kuchorwa mu beseni, akasema, "Hii ni kama ku barrière ya njia. Askari akikuinulia mukono, unasimama. Hapana kuifua. Tuipeleke pressing, kwenye banafua na mashini na dawa."

Mama Adèle akasema, "Munaona misalaba na bado munabishana? Hii ni robe ya kanisa. Inafuliwa sawa manguo ya altare, na javel, na maji ya moto."

Julie naye akasema doti moja ni kusema pasi inapita mara moja tu, donc ikuwe ya moto sana juu imalize kazi.

Tukiwa pale tunabishana, Providence akaingia. Alipita katikati yetu, akachukua robe juu ya kiti, akaikunja, akairudisha mu mufuko. Tangu ile siku anajipikia chakula yake peke yake, na akinisalimia anaangalia chini.

Mama Adèle anasema Providence amekuwa chef, anatuamuru mu nyumba ya wenyewe. Julie amenuna, anasema basi ndoa ingoje. Jacob anaenda ku soko mapema kuuzisha misumari yake na anarudi akiwa amechoka, hataki kusikia neno "robe." Na mie mwenye robe nimebaki katikati kama nguzo. Unijulishe: bile bichoro binasema nini? Na kama robe ni yangu, niko na haki ya kuifua ao hapana?

Ni mie, Emérence wa Kimemi.

*

Emérence,

Nitaanza na bichoro, maana hapo jibu ni rahisi, na bote mulikosea. Mimi nilifundisha mabinti kushona na kupiga pasi ku foyer, nyumba ya mafunzo, miaka mingi, na bile alama bilipita mbele ya macho yangu ku nguo za kila aina. Kamata kalamu, na ita Mama Adèle asikilize naye.

Beseni ni maji. Kama wangepiga juu yake mistari miwili yenye kukatana, ingekuwa kusema hapana kutia maji. Hawakupiga. Waliweka mukono ndani. Jacob, bwana yangu, ninakuelewa, siku hizi kila mukono wenye kuinuliwa tunauona ni wa barrière. Lakini huu mukono haukukatazi. Unasema: ifue, ila kwa mukono, polepole. Maji ya baridi kwanza, kwa sababu kuna damu, na damu ikikutana na maji ya moto haitoki tena. Kisha maji ya uvuguvugu kama ya kuogesha mutoto, na sabuni kidogo. Hapana kusugua dantele kwenye jiwe. Hapana kuikamua kama vile munakamua jeans. Muikande ndani ya kitambaa kikavu, kitambaa kinywe maji.

Sasa Mama Adèle, nakuheshimu kwa umri, lakini ule si musalaba wa kanisa. Pembe tatu ni javel. Mistari miwili juu yake ni kusema: hapana javel. Ungeichemsha na javel, dantele ingegeuka njano na hakuna sabuni ingeirudisha. Ile chupa irudi mahali pake. Duara ni pressing, na yenyewe imekatwa: hapana pressing, Jacob, kwa sababu dawa yao inayeyusha kole na lulu zote zingebaki chini ya mashini. Karé ni kukausha, na ule mustari wenye kulala unakuambia uilaze robe juu ya mukeka safi. Ukiitundika ku kamba ikiwa na maji, uzito wake utaivuta na kuiharibu.

Imebaki pasi. Julie, doti hazihesabu mara ngapi pasi inapita. Zinahesabu moto. Doti tatu ni moto mukali, doti mbili ni wa katikati, doti moja ni moto kidogo. Muko na pasi ya makala, basi tia makala kidogo, ngoja ipoe, ijaribu ku kitambaa kingine, geuza robe ndani-nje, weka kitambaa cha pamba katikati. Ukiharakisha, ile nguo yenye kungaa itashikamana na pasi kama ugali na sufuria.

Haya, bichoro bimekwisha. Sasa nakuja kwako.

Unaniuliza kama uko na haki. Robe ni yako, hakuna mwenye kubisha. Lakini ulipotoa ile robe mu mufuko ya mwenzako wakati yeye iko misa, ulijua vizuri unafanya nini. Kama ungekuwa na haki kamili, ungengoja arudi. Wewe ni mutu mwema, nimeona mu barua yako, mwenye kuazimisha mali yake kwa kila binti. Wema huo usiugeuze kuwa fimbo. Nenda kwa Providence leo, uombe musamaha kwa ile Jumapili, na usiweke neno "lakini" nyuma yake. Usizungumuze Pasaka. Usizungumuze Julie.

Siku nyingine, akiwa ametulia, umuambie ukweli wa nguo, kwa sababu nao ni ukweli: matope yenye kukaa mu mufuko ikiwa na unyevu inaozesha uzi. Robe ikikaa hivi paka mvua kubwa, atafungua mufuko na hata hizo alama za bidole hatazikuta. Umuambie, kisha unyamaze. Yeye ndiye ataamua nini kifuliwe na nini kibaki, na kama kuna wa kutia mukono mu beseni, ni yeye.

Julie, wewe una haki ya kuwa na siku yako. Sikukatazi kuitamani ile robe. Lakini uliuliza swali kwa Emérence lenye lilikuwa la Providence. Nenda umuulize yeye mwenyewe, ukae chini, umuulize na habari za bwana yake mbele ya kuuliza nguo. Akikataa, utaolewa na robe ya Jumapili ao na kitenge kipya, na utakuwa umeolewa kabisa. Padri habariki dantele.

Na sasa neno lenye kunisumbua kuliko yote. Nimesoma barua yako paka mwisho, Emérence. Nimeona javel, nimeona pressing, nimeona nani alisema nini juu ya pasi. Sikuona mahali hata pamoja penye mutu mu nyumba yenu alienda kumutafuta Élisée. Munabishana juu ya matope ya bidole byake ku robe na hamujauliza yeye iko wapi. Providence anashika ile nguo kwa sababu hakuna kitu kingine mulimupatia cha kushika.

Jacob, unauzisha misumari. Basheferi bote ba magari ya njia ya Beni na Mambasa banapita ku duka yako, na maseremala bote vilevile. Acha kukimbia nyumba, uanze kuuliza. Uulize kwa adabu, hapana kuuliza nani alimuchukua, uulize tu nani alimuona. Muende paroisse, kwa padri. Muende Croix-Rouge, bale ba Musalaba Mwekundu, muandikishe jina yake. Fanyeni hivyo wiki hii, hata robe ikiwa bado mu mufuko.

Mama Virginie

*

Nyuma ya Pasaka, Emérence aliandika tena.

*

Mama Virginie,

Ile siku radio ilisoma barua tulikuwa bote mu nyumba, na Providence alikuwa inje anasikia ku dirisha. Ulipofika penye Élisée, hakuna mwenye aliangalia mwenzake. Jacob alizima radio, akavaa koti, akatoka.

Niliomba musamaha vile uliniambia. Nilitaka kusema "lakini" na nikaimeza. Providence akasema, "Nimesikia, yaya," basi, mais kesho yake alikuja kula na sisi.

Julie alienda kwake peke yake. Sijue yote balisemezana, balikaa sana. Nilisikia tu Providence akicheka kidogo, na nilikuwa nimesahau sauti ya kicheko chake. Walipotoka, Providence aliniomba makasi ya kushonea na beseni. Nikafikiri anataka kuikata. Alikaa ku mulango, akafumua nyuzi polepole, akatoa ule mukono ya kuume wenye bidole, muzima, akaukunja akauweka mu nguo zake. Akafumua na wa kushoto juu ilingane. Kisha akafua robe yeye mwenyewe, maji ya baridi, akabadilisha maji paka ikawa safi, na hatukumusaidia, tulikuwa tunachota tu. Damu ilitoka. Matope ilitoka karibu yote, ilibaki rangi ya chai huku chini kabisa, na Julie akasema itafichwa na majani ya chini akitembea.

Mikono mipya tulishona na rideau, pazia ya dantele ya Mama Adèle, alijitolea yeye mwenyewe bila kuombwa. Mais hakuweza kungoja pasi ipoe, akaigusisha ku pindo la ndani, ikajikunja kama jani kavu. Sasa anafundisha bajirani bote mambo ya doti.

Julie aliolewa. Providence ndiye alimufunga vifungo ku mugongo. Hakuacha paka kifungo cha mwisho. Jioni aliniambia, "Nilifikiri nikiifua nitakuwa nimemuzika. Nimeifua, na naona hajakufa. Nitaenda kumutafuta."

Na Jacob amepata neno. Sheferi mumoja wa camion ya mbao, anaitwa Zorobabel, anasema batu bamoja benye balibebeshwa mizigo baliachiliwa upande wa Mambasa, bagonjwa, na mumoja wao ni seremala, anatengeneza milango ya batu juu apate kula na nguvu ya kutembea. Jina hakuijua. Inaweza kuwa mutu mwingine, Providence anajua hivyo. Ameenda Beni na Jacob, banangoja njia ifunguke. Jina la Élisée tumeliandikisha. Anakuomba ulitaje ku radio, kwa sababu sauti yako inafika mbali kuliko miguu yetu.

Emérence

*

Emérence, na Providence kama unanisikia huko Beni,

Sina la kuwafundisha tena. Ile ya kufumua mikono, mimi nisingeifikiri. Providence, usipande gari la kwanza lenye kupita. Panda lenye Jacob anajua mwenyewe wake, na ukifika kila senta ya njiani, ingia kwanza kwa kanisa, Katolika ao Protestanti, uache jina lako na penye unaelekea.

Ninyi wengine bote, muongeze sauti kidogo, na mwenye kusema mu nyumba anyamaze.

Ninamutafuta Élisée, seremala, kijana mutulivu, wa njia ya Mangina, mwenye kuongea kidogo. Alibebeshwa mizigo siku ya arusi yake. Siulizi nani alimuchukua na sitaki mutu aniambie. Mwenye kumuona Mambasa, Oicha, Mangina, ao mu njia yoyote, akiwa anatengeneza mulango ao amelala na homa, amukaribie. Huyu mutu alitenganishwa na muke wake mu mashamba ya kahawa, na paka leo hajui kama muke alifika.

Mumuambie alifika.

Mama Virginie